RUZUKU YA KAYA MASKINI NA WAJIBU WETU



Tangu Serikali ilipozindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), wako wasemao kwamba ruzuku huwafanya watu kuwa wavivu. Hatuna budi kulipima neno hilo kwa haki.

Majaribio yalianza mwaka 2010 katika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura: nusu vikapata ruzuku, nusu vikasubiri. Watafiti walipovilinganisha, waliona kwamba kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, ziliwanunulia watoto viatu na kujiongezea mifugo midogo. Hayo si matendo ya wavivu.

Sisi wa Chiwata, na ndugu zetu wa Newala huko juu uwandani, tunalifahamu jambo hili. Fedha ya korosho humfikia mwenye mikorosho, tena kwa msimu. Bibi aleaye wajukuu yatima, asiye na mkorosho wala nguvu za jembe, hana msimu. Kwake ruzuku ya kila miezi miwili, ingawa ni ndogo, ni unga, ni daftari, ni ujira wa kijana amchoteaye maji bondeni.

Lakini ruzuku haimfikii asiyeandikwa. Kwa utaratibu wa mpango, wanakijiji wenyewe ndio wanaozitaja kaya maskini katika mkutano wao. Mwaka 2016 Serikali iliziondoa maelfu ya kaya zisizostahili, zikaitwa "kaya hewa". Majina yale hayakushuka kutoka mbinguni. Yaliandikwa vijijini, na wengi waliyajua wakanyamaza.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya. Kwanza, hudhurieni mkutano wa kijiji, mkamtaje asiye na mtetezi, hata kama hasali pamoja nasi. Pili, pingeni mchango wowote unaokatwa siku ya malipo bila ridhaa ya mlengwa, uwe wa kijiji au wa kanisa. Tatu, mtembeleeni aliyeondolewa katika orodha. Mkiona ameonewa, fuataneni naye hadi ofisi ya kijiji kupeleka malalamiko.

Ruzuku si hisani ya kiongozi yeyote. Ni fedha ya umma, na maskini ni sehemu ya umma huo. Anayenyamaza wakati jina la mjane linarukwa ameshiriki kumnyima.