Ndege ya helisi haiui kwa uzee, inaua kwa kuachwa

Mwezi wa kwanza 2023, shirika la Horizon Air huko Marekani lilisimamisha ndege zake zote za Dash 8-Q400. Kuna marubani walioiaga kwa huzuni. Kwenye ndege hiyo ya helisi, nguvu ya injini rubani anaipima kwa mkono wake, haijiongezi yenyewe.

Kwetu, jambo hili si la marubani peke yao. Jeti kubwa inataka piste ndefu ya lami. Piste ya Shabunda ni ya udongo. Barabara ikikatika, ndege ya helisi ndiyo inaleta chumvi na dawa, ndiyo inabeba mgonjwa.

Basi wakubwa wasisingizie uzee wa ndege kila ajali inapotokea. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya unafungia anga lake makampuni ya ndege ya Kongo, kwa sababu ya ukaguzi dhaifu wa serikali. Ndege ya zamani ikikaguliwa inafika. Mpya isiyokaguliwa inaua.

Familia iliyokimbia vita haichagui ndege. Serikali ndiyo inaweza kuchagua: itume wakaguzi, itengeneze piste, ao iseme wazi kwamba maisha ya raia hayana bei.