Kuishi Kinyumba na Suala la Mali: Nyumba Ikivunjika ni ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeweka hesabu zake. Katika Kenya ya leo, hata hivyo, yafaa ielekezwe pia kwa wake kwa waume wanaoishi kinyumba: watu waliohamiana, wakala chungu kimoja, wakazaa na kulea, ila hapakutolewa posa wala mahari, na hawakufika mbele ya kasisi, kadhi wala msajili wa ndoa. Siku mapenzi yanapokauka, au mmoja wao anapofariki, ndipo swali ambalo halikuulizwa kwa miaka mingi linapobisha hodi: nyumba hii ni ya nani?

Imeenea mitaani imani kwamba wawili wakiisha kukaa pamoja kwa miezi sita, basi sheria huwahesabu kuwa mume na mke. Imani hiyo haina msingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano, yaani ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na inataka zote zisajiliwe. Sheria hiyo hiyo imetoa fasili ya kuishi kinyumba, lakini haikueleza haki za kimali za wanaoishi hivyo. Jirani zetu wa Tanzania walilishughulikia jambo hili mapema. Kifungu cha 160 cha Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 kinairuhusu mahakama kudhania kuwapo kwa ndoa iwapo wawili wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke.

Nchini Kenya pengo hili limekuwa likizibwa na mahakama. Katika kesi ya Yawe dhidi ya Mdhamini wa Umma ya mwaka 1976, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kuishi pamoja kwa muda mrefu kama mume na mke kwaweza kuzaa dhana ya kuwapo kwa ndoa. Dhana hiyo iliwaokoa wengi waliokuwa wakifukuzwa makaburini na mashambani na jamaa za marehemu.

Mnamo tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ilibana mlango huo. Mbele yake palikuwa na watu wawili walioanza kuishi pamoja mwaka 1986 na kuzozania nyumba iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke. Aliyedai fungu lake alikuwa mwanamume. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeona kwamba palikuwa na ndoa, na kuamuru mali igawanywe sawasawa. Mahakama ya Juu ilikataa: mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine, hivyo hakuwa na uwezo wa kuolewa tena. Ilisisitiza kwamba dhana ya ndoa itumiwe kwa nadra, na kwa ushahidi mzito. Hata hivyo haikumwacha mdai mikono mitupu. Iliona kwamba wawili hao walichangia mali hiyo kwa nia moja, kwa hiyo mwenye jina kwenye hati alishikilia sehemu yake kama amana kwa niaba ya mwenzake. Mwanamke akapewa asilimia 70, mwanamume asilimia 30.

Uamuzi huo una hekima kubwa: umetenganisha hadhi ya ndoa na haki ya jasho. Mtu aweza kukosa kuwa mke au mume na bado asidhulumiwe. Lakini njia hiyo ni ndefu na ya gharama. Shauri hilo lilichukua takribani mwongo mmoja kufika tamati. Ni muuza mboga gani mwenye uwezo wa kungoja hivyo? Chukua mfano wa mwanamke anayelisha nyumba kwa faida ya kibanda chake ili mshahara wa mwenzake ununue ploti. Hati miliki itabeba jina moja. Hana risiti ya unga, ya karo wala ya usiku aliokesha na mtoto mgonjwa. Angekuwa mke, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ingeuhesabu upishi, ulezi na kazi ya shamba kuwa mchango. Kwa kuwa si mke kisheria, kinga hiyo haimfikii.

Wapo wanaopinga kutungwa kwa sheria ya kuwalinda watu hawa. Husema kwamba itaidunisha ndoa, na kwamba aliyekwepa wajibu wa ndoa hastahili matunda yake. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Hakika si haki kumwoza mtu mahakamani kinyume cha hiari yake. Lakini kinachodaiwa hapa si ndoa. Ni mgawo wa mali kwa kadiri ya mchango. Tena, ukimya wa sheria hauilindi ndoa. Unamlinda aliyetangulia kuandika jina lake. Mtu huyo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuiahirisha harusi mwaka baada ya mwaka.

Mahakama ya Juu yenyewe iliwahimiza Wabunge, Maseneta na Mwanasheria Mkuu watunge sheria kuhusu haki na wajibu wa wanaoishi kinyumba kwa muda mrefu. Wito huo unastahili kuungwa mkono. Sheria ya namna hiyo iseme wazi muda unaohitajika, ihesabu kazi ya nyumbani kuwa mchango, na iwaruhusu wahusika kuandikiana mkataba wa mali wangali wakipendana.

Wasomi wa Kiswahili nao wana deni. Lugha yetu humwita mwanamke wa aina hii kimada au hawara, majina yanayomhukumu kabla ya hakimu kuketi. Mwanamume mwenzake hatwikwi mzigo kama huo. Isitoshe, tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi, ilhali hukumu inayomhusu muuza mboga imeandikwa kwa Kiingereza. Uundaji wa istilahi za sheria na ufasiri wa hukumu kama hizi ni kazi ifaayo tasnifu nyingi. Uvumi wa miezi sita hustawi pale ambapo sheria haisomeki.

Hadi sheria hiyo ipatikane, wanaoishi kinyumba na wairejelee ile methali ya daftari: majina yote mawili yaandikwe kwenye hati, na risiti zitunzwe.