Kadi ya Sh30 bilioni ni rahisi, shughuli ipo kwenye kukamilisha seti

NEW YORK, MAREKANI. UKITAJA kadi mbele ya shabiki wa soka, akili yake inakimbilia njano na nyekundu. Marekani mambo ni tofauti. Kule kadi ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji wa besiboli mbele na takwimu zake nyuma, na watu wazima wenye familia zao wanazisaka kama skauti anayesaka straika.

Agosti 2022, kadi moja ya namna hiyo ilipigwa mnada kwa Dola 12.6 milioni, takriban Sh30 bilioni. Ni kadi ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, iliyotengenezwa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Aliyeiuza aliinunua 1991 kwa Dola 50,000. Kwa klabu nyingi za ukanda huu, mzigo huo ni bajeti ya misimu kadhaa.

Bei hiyo ndiyo iliyozungumzwa kila kona. Ila kwa wakusanyaji wa zamani, kadi moja haikupi ubingwa, hata iwe ya nani. Ubingwa ni seti. Yaani uwe na kadi zote zilizotoka mwaka huo, kuanzia namba moja hadi ya mwisho, bila pengo. Na hiyo raha ya kufika mwisho ndiyo inayoanza kupotea, huku soka nalo likivutwa kwenye njia hiyo hiyo.

Ghali lakini si adimu

Seti ya Topps ya 1952 ina kadi 407. Ziliuzwa kwenye pakiti pamoja na bigijii na wateja wakubwa walikuwa watoto. Zilitoka kwa mafungu, na fungu la mwisho, namba 311 hadi 407, lilichelewa. Lilipofika madukani msimu wa besiboli ulikuwa ukingoni, shule zimefunguliwa na watu wameshahamia futiboli ya Kimarekani. Mzigo ukadoda.

Makasha yalilala stoo huko Brooklyn hadi 1960. Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyezibuni kadi hizo, alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kuziuza kwa bei ya kutupa na hakuna aliyezitaka. Mwisho akazipakia kwenye tishari, zikaenda kumwagwa Bahari ya Atlantiki. Yaani fedha ambayo leo ingenunua klabu ilizamishwa ili stoo ipate nafasi.

Mantle ni namba 311, wa kwanza kwenye fungu hilo. Sasa hapa ndipo penye utamu. Kwenye karatasi za kiwandani, Mantle, Jackie Robinson na Bobby Thomson walichapwa mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo kadi ya Mantle si adimu kuliko za wachezaji kibao wasio na jina waliopo kwenye fungu lake. Wala si kadi yake ya kwanza, maana ya kwanza ilitolewa 1951 na kampuni ya Bowman. Ile ya Sh30 bilioni ilibebwa na jina la Mantle na usafi wake, kwani ilipimwa ikapata 9.5 kati ya 10.

Kwa anayejenga seti, hesabu inageuka. Mantle anahitaji fedha tu, ukiwa nazo utampata mnadani. Wanaotesa ni wale wengine. Mfano ni Andy Pafko, kadi namba moja. Watoto wa enzi hizo walizipanga kadi kwa namba, wakazifunga na rababendi. Pafko akiwa juu kabisa, ndiye aliyekatwa na rababendi, ndiye aliyechubuka mfukoni. Pafko aliyesalimika bila mkwaruzo leo anauzwa kwa bei ya staa, wakati uwanjani hakuwahi kumkaribia Mantle. Ni kama timu iliyosajili straika wa bei mbaya, halafu ubingwa unaikimbia kwa kukosa beki wa kushoto.

Namba 106 iko wapi?

Biashara iligundua mapema kwamba pengo linauza. Mwaka 1933, kampuni ya Goudey ilitoa seti yenye namba hadi 240, lakini namba 106 haikuwemo kwenye pakiti yoyote. Watoto wakaendelea kununua bigijii, wakisaka kadi ambayo haikuwa imechapwa kabisa.

Wateja wakashtuka, wakaandika barua za malalamiko. Mwaka 1934 Goudey ikachapa namba 106 ikiwa na picha ya Nap Lajoie, mkongwe aliyekuwa amestaafu miaka mingi, na kuwatumia kwa posta wale walioandika. Leo hiyo ndiyo kadi inayowanyima usingizi wanaoijenga seti ya Goudey, kwa sababu aliyekaa kimya 1934 hakuipata.

Nyuma zaidi kuna seti ya T206, iliyotoka kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara. Humo yumo Honus Wagner, ambaye kadi yake ilisitishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, zilizobaki ni chache mno na moja iliuzwa Dola 7.25 milioni mwaka huo huo wa 2022.

T206 ina kadi 524. Wakusanyaji walipoona wengi wao watakufa bila kumpata Wagner, wakawekeana utaratibu. Ukifikisha 520, ukawaacha Wagner, Eddie Plank na mbili zilizokosewa uchapaji, unahesabika umemaliza kazi. Hakuna kampuni iliyowapangia hilo. Walichora wenyewe mstari wa kumalizia mbio, ili anayekusanya kwa mshahara wa kawaida naye awe na siku ya kushangilia.

Walivyozitunza zikakosa thamani

Habari za kadi za zamani kuuzwa mamilioni ziliwatoa watu udenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, watu wazima walianza kununua makasha mazima na kuyafungia ndani wakisubiri utajiri. Kampuni zikachapa bila breki. Matokeo yake, kadi nyingi za miaka hiyo leo hazina bei, kwa sababu kila mtu anazo na kila mtu alizitunza. Za 1952 zilipanda kwa kuwa zilichezewa, zilitupwa na nyingine zikazama baharini.

Kampuni zikajifunza. Kama uhaba hauji wenyewe, utatengenezwa kiwandani. Sasa zipo kadi zinazochapwa 99, 25, tano, mpaka moja tu duniani. Mwaka 2025, kadi ya pekee ya mrushaji Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates, iliyobandikwa nembo aliyoivaa kwenye jezi ya mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, iliuzwa Dola 1.11 milioni. Aliyeiokota kwenye pakiti ni mtoto wa miaka 11. Klabu ilikuwa imetangaza kumpa atakayeipata tiketi za msimu kwa miaka 30, familia ikachagua mnada.

Ni hadithi tamu, na ndiyo tangazo bora kuliko yote. Ila kwa huyo mmoja aliyepata, waliofungua pakiti wakaambulia kadi za kawaida ni wengi, na hao hawapigwi picha. Pakiti imeanza kufanana na mkeka wa kubeti. Na kadi ikishakuwa moja tu duniani, wengine wote wameshaikosa kabla hawajaanza kutafuta.

Soka halipo mbali

Shabiki wa soka asione hayo ni mambo ya Wamarekani. Fanatics, iliyochukua haki za kadi za besiboli mwaka 2021, iliinunua Topps Januari 2022. Topps hiyo hiyo ndiyo iliyotoa albamu ya Euro 2024, mashindano ambayo stika zake zilikuwa za Panini ya Italia tangu 1980. Na kuanzia msimu wa 2025/26, Topps imeichukua pia Ligi Kuu England.

Albamu ya stika ilikuwa na ugumu wake. Kwenye Kombe la Dunia 2018, Panini ilikuwa na stika 682, tano kwa kila pakiti. Profesa Paul Harper wa Chuo Kikuu cha Cardiff alipiga hesabu kwamba anayenunua peke yake bila kubadilishana angehitaji wastani wa pakiti 967. Ni mkwanja mrefu. Lakini ukiwa na marafiki wa kubadilishana nao gharama inashuka sana, na ukurasa wa mwisho unajaa. Mtoto wa kawaida anaweza kumaliza.

Hapo ndipo pa kuangalia sasa, maana pembeni ya albamu hizo zinauzwa kadi za soka zenye mfumo ule ule wa moja tu duniani. Zikiachiwa zitawale, kitakachopotea ni ile biashara ya kibarazani ya nipe huyu nikupe yule, kwa sababu kadi ya pekee haina ya pili ya kubadilishana.

Anayetaka kuingia kwenye mchezo huu ajiulize kwanza kama anachonunua kina mwisho. Waliojenga T206 walikubali 520 wakalala usingizi. Watoto wa 1933 walipoona pengo waliandika barua, na kampuni ikawajibu kwa posta. Leo pengo linaandikwa juu ya boksi kwa herufi kubwa, linaitwa zawadi, na watu wanapanga foleni kulinunua.