Jozani Nayo ni Madrasa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa kila kiumbe, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, kila mwaka mabasi ya wanafunzi wa skuli hutoka mjini Unguja yakielekea kusini-mashariki, mwendo wa kilomita 35 hivi, hadi Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2004, nayo ndiyo ya kwanza kupewa daraja hilo katika Zanzibar. Wanafunzi huingizwa msituni, huoneshwa kima punju, hupitishwa juu ya njia ya mbao ndani ya mikoko ya Pete, kisha hurejea makwao. Hilo ni jambo jema. Swali letu ni moja tu: madrasa ziko wapi katika safari hizo?

Wako wanaodhani kwamba kutembelea msitu ni mambo ya watalii na ya somo la sayansi, na kwamba mwalimu wa Qur'an hana kazi huko. Fikra hiyo haina msingi katika dini yetu. Watoto wetu huhifadhi Suratul-Fil wakiwa bado wadogo, kisha hupanda hadi An-Naml, An-Nahl na Al-An'am. Hizi ni sura zilizopewa majina ya tembo, sisimizi, nyuki na mifugo. Katika Al-An'am, aya ya 38, tunafundishwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Al-Ghashiya, kuanzia aya ya 17, wanadamu wanahimizwa wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Agizo hapo ni kutazama. Mtoto aliyezihifadhi aya hizo bila kufunguliwa macho ameshika nusu ya somo, na nusu iliyobaki iko nje ya mlango wa chuo.

Tuchukue mfano wa kima punju mwenyewe. Mnyama huyu haishi porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, na hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata kuwa wako zaidi ya 5,800. Jina lake linatokana na sumu, kwa kuwa wazee waliamini kwamba mti alioulia majani hatimaye hufa. Wakulima wa jirani nao wamemlalamikia kwa miaka mingi kuwa anawamalizia nazi changa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza dai hilo, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo yao: kima walikula vidaka kweli, lakini mavuno ya nazi hayakuonekana kupungua kwa sababu yao. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi hata pasipokuwa na kima.

Hapo lipo fundisho ambalo ustadhi hodari hawezi kuliacha lipite. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Aya hiyo inahusu wanadamu, lakini tabia inayojengwa nayo ni moja. Kijana aliyezoea kuuliza ushahidi kabla ya kumhukumu kima, atauliza ushahidi pia kabla ya kumhukumu jirani yake.

Tukitoka msituni tukafika mikokoni, jambo linakuwa zito zaidi, kwa kuwa linagusa chakula chetu. Katikati ya mizizi ya mikoko ndimo samaki wachanga na kamba wanamopata hifadhi na lishe kabla ya kwenda baharini. Mikoko hiyo hiyo hukatwa kwa boriti, kwa kuni na kwa kuchomea chokaa. Wanaoikata si wageni. Ni ndugu zetu, tunaosimama nao safu moja msikitini. Baadhi ya watoto waliomo vyuoni leo ndio watakaoshika shoka na nyavu kesho. Sheria ya serikali inaweza kumzuia mtu mchana penye mlinzi. Usiku, penye giza, hakuna kinachomzuia isipokuwa kumcha Mola wake. Na kumcha Mola kunafundishwa na nani, kama si madrasa?

Wala hili si jambo la kubuni. Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, eneo lililowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, mafunzo ya kutunza bahari yalitolewa kwa wavuvi kwa misingi ya Qur'an na Sunna. Kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya Kiislamu ya IFEES ya Uingereza pamoja na shirika la CARE. Misali si Hifadhi ya Taifa, lakini somo lake linatuhusu: mvuvi Muislamu ana lugha ya kuzungumzishwa nayo juu ya bahari, na lugha hiyo ni ya dini yake. Ni aibu kwetu kwamba ilihitajika taasisi kutoka Uingereza kuja kutukumbusha.

Zipo hoja za wanaosita. Wanasema waongozaji hutaja maumbile bila kumtaja Muumba. Ikiwa ndivyo, basi dawa ni mwalimu kuwemo katika msafara. Kususia safari hakumtaji Muumba vilevile. Wanasema safari huwa za ngoma, mchanganyiko usiofaa na sala kupotea. Kasoro hizo ni za waandalizi, na msitu hauna kosa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila madrasa ifundishe aya zinazohusika kabla ya safari, ili mtoto aende akijua anachokitafuta. Pili, ratiba ijengwe juu ya sala, Adhuhuri isaliwe kwa jamaa, na wasichana waende na waalimu wao wanawake. Wasiachwe nyumbani kwa kisingizio cha kuwalinda. Tatu, kamati za misikiti zitenge fungu kwa ajili ya mayatima na watoto wa wasiojiweza, isije elimu hii ikawa ya wenye nauli tu. Nne, safari izae kazi: watoto wapande mikoko au miti karibu na chuo chao na waitunze. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mmea wa Muislamu ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Harakati ya kuirekebisha jamii haikamiliki kwa kusahihisha ibada peke yake huku tukiiharibu amana tuliyokabidhiwa. Masheikh na waalimu, wapelekeni vijana Jozani. Wakirejea, wasomesheni tena Al-An'am, na mtasikia watakavyouliza.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa walinzi wema wa alichotukabidhi. Amin.