Filamu za ulozi: kamera inaona kila kitu, jirani haoni kitu

Jioni, umeme ukiwepo, familia nyingi za Katuba, Kenya na Kamalondo mjini Lubumbashi hukaa mbele ya televisheni: baba, mama, watoto, hata wageni. Filamu ya Nigeria au tamthilia ya Kongo inaanza. Kabla ya nusu saa kuisha, mtoto wa miaka minane anaweza kusema nani ni mulozi ndani ya hadithi. Hakosei, kwa sababu nyingi kati ya filamu hizo zinafuata njia moja.

Njia hiyo inaonekana wazi mtu akiangalia mambo matatu: mada, wahusika na mahali. Mada ni bahati mbaya iliyoingia nyumbani: kazi imepotea, mimba haishiki, mtoto amekufa. Wahusika ni wale wale: bibi kizee anayeishi peke yake, mjane, mama wa kambo, yatima aliyeletwa kutoka kijijini. Mahali ni chumba cha nyuma, makaburi au kijiji usiku, na mwishoni kanisa. Pasta anaomba, mulozi anaanguka na kuungama, filamu inaisha.

Wakaaji wengi wa Lubumbashi wanaamini kwamba ulozi upo, na filamu haina kosa kwa kuonyesha woga wa watu. Kosa liko kwingine. Ndani ya filamu, kamera ni shahidi. Inamfuata bibi usiku, inamwonyesha akiruka angani, inamwonyesha akila nyama ya mtu. Mtazamaji anapata uhakika kamili. Filamu ikiisha, uhakika huo unabaki kichwani, lakini kamera haipo tena. Mtoto wa jirani akiugua, hakuna aliyeona kitu. Kinachobaki ni sura ambayo filamu imewazoesha watu kuishuku: bibi, mjane, yatima.

Filamu hizi hazikuanza zote kwa kumshuku mnyonge. Mwaka 1992, Living in Bondage, filamu ya Nigeria iliyofungua soko kubwa la video, ilisimulia maisha ya Andy Okeke, mwanaume anayemtoa mke wake sadaka ili apate utajiri. Pale mwenye kosa ni mtu mzima mwenye tamaa ya pesa, na filamu iliuliza swali zuri: mali hii imetoka wapi? Lakini mwaka 1999 ikatoka End of the Wicked, ya mhubiri Helen Ukpabio. Humo watoto wanaingizwa katika kundi la wachawi. Watetezi wa haki za watoto wa Nigeria walisema kwamba filamu ya namna hiyo inachochea watu kuwashtaki watoto wao wenyewe. Mhubiri huyo alikataa lawama hiyo. Hata hivyo, kati ya filamu hizo mbili kidole kilihama kutoka kwa tajiri na kumwelekea mtoto.

Kwa Kongo jambo hili si la sinema peke yake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Nchi haiwezi kuandika jambo hilo ndani ya Katiba kama halijaumiza watoto wengi. Baadhi ya watoto wanaolala barabarani katika miji ya Kongo walifukuzwa nyumbani kwa neno moja tu: ndoki.

Ndiyo maana filamu ya Augure inastahili kutazamwa Lubumbashi kwa makini. Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa mjini humu mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, aliitoa mwaka 2023, na ikapata zawadi huko Cannes. Jina lake lenyewe linamaanisha walozi, na amebeba uzito wake tangu utoto. Filamu inatumia vitu vyote ambavyo mtazamaji wa filamu za ulozi anavijua: damu, alama mwilini, dawa, watu wa familia wanaonong'ona. Koffi anarudi kutoka Ulaya na mwenzi wake mzungu mwenye mimba. Anambeba mtoto wa dada yake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Familia inashtuka, na hukumu inatolewa palepale.

Tofauti ni kwamba kamera ya Baloji haitoi ushahidi dhidi ya Koffi. Inawafuata watu wanne kwa zamu: Koffi, Paco mtoto wa barabarani, Tshala na Mama Mujila. Mama aliyeonekana mkali mwanzoni anapata nafasi ya kusema, na mtazamaji anagundua kwamba naye pia aliumizwa. Baba hayupo, anafanya kazi kwenye mgodi. Mtazamaji wa Katanga anaelewa maana ya nyumba ambayo baba yake amemezwa na mgodi.

Wapo watakaosema kwamba huyu ni mtoto wa Ubelgiji anayeitazama Kongo kwa macho ya wazungu. Lakini filamu yake haicheki imani ya mtu yeyote. Inauliza tu nani analipa gharama ya imani hiyo.

Lubumbashi ina mfano mwingine wa karibu zaidi. Mwaka 2019, Frank Mukunday na Tétshim walitoa Machini, filamu fupi ya katuni waliyotengeneza kwa mawe na chaki. Inatisha, lakini haina bibi wala yatima wa kulaumiwa. Kinachokula watu ni viwanda vya madini. Mkaaji anayekohoa kwa sababu ya moshi na vumbi hahitaji kuelezwa zaidi.

Filamu kama hizo mbili haziwezi kushindana na televisheni ya kila jioni. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa vikundi vya tamthilia vya Lubumbashi, kwa vituo vya televisheni na kwa wazazi. Wasanii wanaweza kutisha watu bila kumtoa yatima sadaka katika kila hadithi. Vituo vinaweza kuchagua filamu gani ipite saa ambayo watoto wako macho. Na mzazi anaweza kumwuliza mtoto wake maswali matatu filamu ikiisha: Nani ameitwa mulozi? Nani amefaidika alipofukuzwa? Bila kamera, nani angejua?

Mtoto atakayezoea maswali hayo ataendelea kufurahia filamu. Na siku familia itakapomnyooshea kidole yatima wa nyumbani, huenda akawa wa kwanza kuuliza: mumeona nini?