KESI YA NGEDERE ISIPELEKWE KWA NYANI

Kuna maneno manne ambayo yamewaumiza watoto wengi kuliko kiboko. Maneno yenyewe ni haya: "Usiharibu jina la shule."

Mtoto aliyedhulumiwa na mtu mzima, awe amepigwa hadi akaumia au ameguswa isivyofaa, huchukua siku nyingi kupata ujasiri wa kusema. Akishasema, aghalabu haulizwi, "Umeumia wapi?" Huulizwa, "Nani mwingine anajua?" Hapo hapo anaelewa kwamba kosa, eti, ni lake la kuongea.

Tabia hii haiko shuleni tu. Iko kanisani, iko madrasani, iko katika makao ya mayatima na katika timu za kandanda. Wakubwa hufunga mlango wakazungumza. Mzazi huitwa, akanywa chai, akabembelezwa. Kisha mshukiwa huhamishwa. Mtaani kwetu miaka michache iliyopita wasichana wawili walimtaja mwalimu wao. Wazee walikaa kikao, mama mmoja akapewa pesa "za sare," na muhula uliofuata mwalimu yule alikuwa akifundisha kwingine. Wazazi wa huko kwingine hawakuambiwa lolote. Wasichana wale ndio waliobaki wakiitwa majina njiani.

Je, nchi yetu haina sheria? Inazo tele. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Tume ya Kuajiri Walimu nayo ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010. Waraka huo unamtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kimapenzi aripoti katika muda wa saa 24. Anayeficha naye ana kesi ya kujibu. Ni saa 24, ndugu zangu, si wiki mbili za kungoja kamati ikutane.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Jaji Mumbi Ngugi hakumlaumu mwalimu peke yake. Alisema tume iliyomwajiri na serikali pia zilikuwa na wajibu wa kuwalinda watoto wale, na fidia ya shilingi milioni 5 ikaamriwa ilipwe. Fauka ya hayo, alikemea mtindo wa kuwahamisha walimu wa aina hiyo kutoka shule moja hadi nyingine. Waama, kumhamisha fisi zizi si kuwaokoa mbuzi.

Kuchelewa nako kuna hasara yake. Mtoto aliyenajisiwa hupaswa kufika hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Daktari pia huandika alichokiona, na maandishi hayo huwa ushahidi. Kikao kikiahirishwa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, dawa haifai tena na ushahidi umepotea.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Wanafunzi wa siku hizi ni waongo. Mwalimu akimwadhibu mmoja, kesho atasingiziwa." Hoja hiyo siidharau. Mwalimu ni binadamu na jina lake ni mali yake. Lakini kuripoti si kuhukumu. Anayeripoti anasema tu, "Nimesikia hili, chunguzeni." Mwalimu asiye na hatia husafishwa na uchunguzi wa watu wa nje, wasio rafiki zake wala adui zake. Jambo likizimwa majilisini, uvumi hubaki, na uvumi haumsafishi mtu yeyote.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuliangalie sanduku la maoni. Karibu kila shule inalo. Lakini ufunguo uko kwa nani? Ukiwa kwa mtu mmoja tu, na barua iliyomo inamhusu yeye au rafiki yake, barua hiyo itafika wapi? Kufuli ziwe mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha na mwingine kwa mzazi aliyechaguliwa na wazazi wenzake. Pili, kila ripoti iandikwe kitabuni pamoja na tarehe na hatua iliyochukuliwa. Jambo lisiloandikwa ni rahisi kukanwa. Tatu, aliyeripoti arudiwe na kuambiwa kilichofanyika. Akinyamaziwa, wa pili hatasema.

Nne, kila mwanafunzi ajue mlango wa nje. Nambari 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure mchana na usiku. Kuna afisa wa watoto, na kuna dawati la jinsia katika vituo vya polisi. Nambari hiyo ibandikwe langoni na vyooni, ambako mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ya kurudi nyumbani kila jioni. Ukiona mlango wa ofisi umefungwa, mwambie mama, shangazi, au jirani unayemwamini. Na usipoaminiwa na wa kwanza, mwendee wa pili.

Walimu wetu wapendwa, hatuwaoni nyote kuwa wabaya. Wengi wenu ni wazazi wetu wa pili, na ndiyo sababu tunathubutu kuwaandikia. Shule haipati jina baya kwa kuripoti uovu. Huupata ubaya huo siku inapojulikana kwamba ilijua na ikanyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.