Risasi Jikoni

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili: ni metali, na pia ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Watu huiogopa maana ya pili na kuidharau ile ya kwanza. Dharau hiyo ni ya hatari, na shule hazina budi kuiondoa.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, ilhali chuma huhitaji nyuzi 1,538. Kwa hiyo jiko la makaa latosha kuiyeyusha. Sifa hiyo ndiyo iliyoifikisha metali hii uani: mvuvi huyeyusha mabamba ya betri kuukuu apate chubwi za mishipi yake, na mwindaji hujitengenezea risasi za gobore. Mwanafunzi hukariri kiwango hicho cha kuyeyuka kwa ajili ya mtihani, lakini ni mara chache aambiwapo kwamba urahisi huo ndio mlango wa sumu.

Wako wasemao kwamba wazee waliifanya kazi hii miaka mingi wasidhurike. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa sumu ya risasi hujilimbikiza polepole. Uso wa risasi iliyoyeyuka huungana na oksijeni na kufanya taka za ungaunga, nazo hupeperuka na kutua juu ya vyombo, nguo na mchanga. Mtoto atambaaye hulamba vidole vyake, na mwili wake hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Sumu hiyo hudhuru ubongo, na hukaa mifupani miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walichekecha udongo wakitafuta risasi ya betri. Hakuna bunduki iliyolia.

Sheria haiwezi kuingia katika kila ua; mwalimu aweza, kwa kinywa cha mwanafunzi wake. Wala mvuvi asikatazwe tu bila kuonyeshwa njia nyingine. Jiwe lililotobolewa au nati kuukuu ya chuma nayo huzama, ingawa kwa uzito ule ule huwa kubwa zaidi. Usumbufu huo ni mdogo mno ukipimwa na akili ya mtoto.